Jiwe la Figo Linalojengwa na Bakteria: Mjue Adui Kabla ya Kumeza Dawa

Ni mimi muuguzi wako wa afya ya jamii, na tumekutana tena kwa wakati wetu. Ikiwa unachuma majani chai na redio iko mfukoni, au unamenya ndizi jikoni huku mtoto amelala mgongoni, endelea na kazi yako lakini nipe sikio.

Leo tutazungumza juu ya mawe ya figo. Sitazungumza juu ya mawe yote, bali aina moja ambayo watu wengi hawaijui, yaani mawe yanayojengwa na bakteria. Tutaona pia kwa nini ni muhimu maabara imtambue bakteria huyo kwa jina, kabla wewe au mtoto wako hajaanza dawa.

Nianze na kisa. Miaka michache iliyopita, katika kituo kimoja nilikohudumu, mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa na homa, alikuwa ametapika usiku, na uzito wake ulikuwa haupandi. Nikafungua kitabu chake cha kliniki. Homa mwezi wa pili, homa mwezi wa nne, na sasa homa tena mwezi wa sita. Mara ya kwanza alinunuliwa dawa ya malaria dukani bila kupimwa. Mara ya pili nilimhudumia mimi mwenyewe. Kipimo cha malaria kilikuwa safi, nikampa dawa ya maji ya amoksisilini, nikamwambia mama aende nyumbani. Sikuomba mkojo. Kosa hilo lilikuwa langu, na ninalisema hapa ili lisirudiwe na mwingine.

Mara hii ya tatu mama aliniambia neno moja lililonifungua macho. Alisema, "Sista, ninapofua suruali za huyu mtoto, mkojo wake unaniwasha pua."

Tulichukua mkojo. Kijiti cha kupimia kilionyesha chembe nyeupe za damu, na kilionyesha pia kuwa mkojo ulikuwa na alkali nyingi kupita kawaida. Tukampa rufaa. Maabara kubwa ikamwotesha bakteria na kumtambua. Picha ya ultrasaundi ikaonyesha jiwe ndani ya figo ya kushoto. Mtoto alifanyiwa upasuaji, na leo yuko shuleni. Lakini figo hiyo imebaki na kovu, na kovu la figo halifutiki. Laiti tungeomba mkojo mapema, huenda tungelimkuta bakteria kabla hajamaliza kujenga.

BAKTERIA HUJENGAJE JIWE?

Mpenzi msikilizaji, mawe mengi ya figo hutokana na chumvichumvi za kalisi zinazoganda kwenye mkojo, hasa kwa mtu asiyekunywa maji ya kutosha. Hayo si ya kuambukizwa. Jiwe tunalolizungumzia leo ni tofauti. Wataalamu huliita struviti, jina lililotolewa mwaka wa 1845 kule Ujerumani.

Ili uelewe linavyojengwa, fikiria mbolea ya urea. Mkulima yeyote wa mahindi hapa kwetu anaijua. Sasa, urea hiyohiyo imo mwilini mwako. Ukila maharagwe, nyama, mayai au kunywa maziwa, mwili hutumia protini, na uchafu unaobaki ini huugeuza kuwa urea. Figo huichuja urea kutoka kwenye damu na kuitoa pamoja na mkojo. Kwa kawaida hutoka salama bila kumdhuru mtu.

Lakini kuna bakteria wenye kimeng'enya kiitwacho urease. Kimeng'enya hiki ni kama shoka. Huipasua urea na kutoa amonia. Amonia ndiyo ile harufu kali unayoisikia ukiingia kwenye choo cha mkojo kisichooshwa au banda la mbuzi lililofungwa usiku kucha. Kwenye choo na bandani ni kazi ya bakteria, na ndani ya figo ni kazi ileile.

Amonia ikijaa, mkojo hubadilika. Wahudumu hupima hali hii kwa namba. Namba 7 ni katikati. Chini yake ni tindikali, kama maji ya ndimu. Juu yake ni alkali, kama magadi. Mkojo wa kawaida huwa karibu na 6. Bakteria hawa wakiupandisha ukapita 7.2 hivi, madini ya magnesi na fosfati yaliyomo kwenye mkojo hushikana na amonia na kuganda. Hapo ndipo jiwe linapoanza.

Jiwe hili lina tabia mbili mbaya. Kwanza, hukua haraka, kwa majuma au miezi michache tu, na hufuata umbo la nafasi zilizomo ndani ya figo. Umewaona vijana wakifyatua matofali. Udongo huchukua umbo la kalibu. Basi jiwe nalo hujaza vyumba vya figo mpaka likawa na matawi kama pembe za paa. Pili, bakteria hujificha ndani ya jiwe lenyewe. Dawa huwaua walio kwenye mkojo, homa inashuka, mama anafurahi. Baada ya wiki kadhaa wale waliojificha wanatoka, na ugonjwa unaanza upya.

Na usidhani kwamba ni lazima mtu agaegae kwa maumivu. Jiwe kubwa linalokaa ndani ya figo bila kusogea huenda lisiume sana. Mtu huwa na uchovu, homa za kuja na kwenda, na uzito wa ubavuni. Mtoto mchanga hata hawezi kukuambia. Ndiyo maana watu huchelewa.

NI BAKTERIA GANI HAO?

Bakteria anayesababisha ugonjwa wa njia ya mkojo mara nyingi zaidi ni E. coli. Huyu hutoka kwenye kinyesi. Anasumbua, lakini kwa kawaida hana shoka la urease, hivyo hajengi jiwe la struviti.

Wajenzi ni wengine. Kiongozi wao ni Proteus, hasa yule aitwaye Proteus mirabilis. Mjerumani Gustav Hauser ndiye aliyewapa jina hilo mwaka wa 1885, akilitoa kwenye hadithi ya kale ya Wagiriki kuhusu mungu wa bahari aliyekuwa akijigeuza maumbo. Wengine ni Klebsiella, Providencia, Morganella, baadhi ya jamii ya Staphylococcus, na kadudu kadogo sana kaitwako Ureaplasma. Tangu mwaka wa 1901, daktari mmoja wa Marekani, T. R. Brown, alikuwa amekwisha kueleza kwamba bakteria wanaopasua urea ndio chanzo cha mawe haya. Kwa hiyo hili si jambo jipya. Tatizo letu ni kwamba hatuombi kipimo.

Nani yuko hatarini zaidi? Wanawake hupata mawe haya kuliko wanaume, kwa sababu njia yao ya mkojo ni fupi na iko karibu na njia ya haja kubwa. Wavulana wadogo nao wako hatarini, kwa kuwa Proteus hupenda kukaa chini ya govi. Kwetu wavulana hutahiriwa wakiwa wamekwisha kukua, hivyo mtoto wa mwaka mmoja au mitatu bado ana govi. Wako hatarini pia watoto waliozaliwa na kasoro ya njia ya mkojo au ya uti wa mgongo, na wagonjwa wanaotumia mpira wa mkojo kwa muda mrefu.

MAABARA HUMTAMBUAJE?

Kuna hatua nne, nawe ukizijua utaweza kuuliza vizuri.

Hatua ya kwanza ni kijiti. Hiki kipo hata kwenye zahanati nyingi. Kinachovywa kwenye mkojo na rangi zake husomwa baada ya dakika moja au mbili. Huonyesha kama kuna chembe nyeupe za kupigana na ugonjwa, damu, nitriti, na ile namba ya tindikali na alkali. Namba ikiwa 8 au zaidi, na chembe nyeupe zipo, muuguzi anapaswa kuwaza habari ya bakteria wa mawe. Lakini kijiti hakimtaji bakteria. Tena, alkali peke yake si ushahidi, kwa sababu hata chakula kinaweza kupandisha namba kidogo. Na kwa mtoto mchanga nitriti inaweza isionekane hata kama anaugua, kwani huenda haja ndogo mara kwa mara na mkojo haukai kibofuni vya kutosha.

Hatua ya pili ni hadubini. Fundi wa maabara huangalia chembe nyeupe, bakteria, na vipande vya madini. Vya struviti huwa na umbo kama kifuniko cha jeneza.

Hatua ya tatu ndiyo kuu, nayo ni kuotesha. Wahudumu wengi huiita kalcha. Tone la mkojo hupakwa kwenye sahani yenye chakula cha bakteria na kuwekwa mahali penye joto kama la mwili usiku kucha. Asubuhi bakteria wameota kama mbegu kwenye kitalu, na fundi huwahesabu. Kwa mkojo uliochukuliwa vizuri, wakifika 100,000 kwa mililita moja na wakawa wa aina moja, hiyo ni dalili kubwa ya ugonjwa.

Kisha huwatambua. Kwenye chakula kimoja maalumu, E. coli huota na rangi ya waridi, lakini Proteus hana rangi. Kwenye sahani ya damu, Proteus hatulii mahali pamoja. Huenea kama mawimbi ya maji ukitupa kijiwe kwenye kidimbwi, na hutoa harufu inayofanana na ya samaki. Mwishowe fundi humtia kwenye kichupa chenye urea na rangi ya manjano. Kama bakteria ana urease, rangi hubadilika kuwa waridi iliyokolea. Kwa Proteus hubadilika upesi, ndani ya saa chache. Kichupa hicho kidogo ndicho kinachotuambia kuwa tunaye mjenzi wa mawe.

Hatua ya nne ni kujaribu dawa. Vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa mbalimbali huwekwa juu ya bakteria. Dawa inayofaa huacha duara tupu pembeni mwake. Isiyofaa, bakteria huota mpaka ukingoni.

Kazi hii yote huchukua siku mbili au tatu. Si kila kituo kinaweza kuifanya. Zahanati hufanya kijiti, na kwa kuotesha hukuelekeza au hutuma sampuli kwenye maabara kubwa, kama ile ya Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Ukiambiwa subiri majibu, tafadhali yarudie. Kama mgonjwa yuko katika hali mbaya, daktari ataanza dawa mara tu mkojo ukishachukuliwa, kisha abadilishe majibu yakifika. Hapo hujapoteza kitu.

KWA NINI JINA LINA MAANA?

Dada mmoja anaweza kuniuliza, "Sista, si wote ni bakteria? Nipe dawa ya bakteria niende." La hasha, hawafanani.

Kuna dawa iitwayo nitrofurantoini, ambayo hutumika sana kwa ugonjwa wa kibofu. Ni dawa nzuri kwa E. coli. Lakini Proteus kwa maumbile yake haifi kwa dawa hiyo. Unaweza kuimeza mpaka kidonge cha mwisho, bila kuruka hata siku moja, naye akabaki akijenga. Kuna amoksisilini, ambayo karibu kila duka la dawa huiuza. Klebsiella kwa maumbile yake haimdhuru. Kwa hiyo yule mama wa kisa changu hakukosea kutoa dawa, na mtoto hakukataa kumeza. Sisi hatukujua tunapigana na nani.

Tena kila unapomeza dawa isiyofaa, bakteria wengine mwilini hujifunza kuizoea. Hilo ni janga la dunia nzima, na Kenya imekuwa na mpango wa taifa wa kupambana nalo tangu mwaka wa 2017.

Na jambo la mwisho kuhusu jina. Maabara ikisema ni Proteus au mwingine mwenye urease, na ugonjwa umekuwa ukirudi, muulize daktari kama picha ya figo inahitajika. Bakteria akitajwa, jiwe hutafutwa. Likipatikana, dawa peke yake haitoshi. Ni lazima jiwe litolewe lote, na daktari bingwa ndiye atakayeamua njia. Kipande kikibaki, huwa mbegu ya jiwe jingine. Madaktari hupenda pia kuotesha vipande vya jiwe lenyewe, kwa sababu wakati mwingine bakteria aliyejificha ndani si yule aliyeonekana kwenye mkojo.

MKOJO MZURI HUCHUKULIWAJE?

Hapa ndipo wewe mama una kazi kubwa kuliko fundi wa maabara. Mkojo ukichukuliwa vibaya, majibu yatakuwa ya uongo.

Kwanza, toa mkojo kabla ya kumeza dawa yoyote ya bakteria. Kama umekwisha kumeza, hata kidonge kimoja cha dukani, sema ukweli. Hatutakugombeza.

Pili, tumia chupa safi uliyopewa na maabara. Usitumie chupa ya soda, ya dawa ya kikohozi wala kopo la mafuta ya kujipaka, hata kama umeliosha kwa maji moto.

Tatu, kwa mtu mzima: nawa mikono, safisha sehemu za siri kwa maji safi kutoka mbele kwenda nyuma, tenganisha midomo ya uke kwa vidole, acha mkojo wa kwanza uende chooni, kisha kinga wa katikati. Usiguse ndani ya chupa wala ndani ya kifuniko.

Nne, kwa mtoto mchanga: mnyonyeshe kwanza, msafishe, kisha mpakate miguu ikiwa wazi na chupa iwe tayari. Mpapase taratibu chini ya kitovu kwa kitambaa safi kilicholowa maji baridi. Watoto wengi hukojoa baada ya dakika chache. Kinga hewani kabla mkojo haujagusa ngozi au nguo. Usikamue nepi wala pamba, kwani hapo utatuletea bakteria wa kinyesi. Kwa mvulana, osha kwa nje tu. Govi la mtoto mdogo lisivutwe nyuma kwa nguvu.

Tano, ufike maabara ndani ya saa mbili, au uwekwe kwenye friji. Ukitoa mkojo alfajiri nyumbani, ukasubiri matatu ijae, ukafika mjini saa nne, bakteria wamezaliana njiani na hata ile namba ya alkali imepanda. Afadhali utolewe palepale hospitalini.

MASWALI YA WASIKILIZAJI

Mama mjamzito anauliza: "Mimi hula yale mawe laini ya sokoni, odowa. Je, ndiyo yatakayoingia kwenye figo?"

Hapana, mama. Kinachomezwa huenda tumboni na matumboni, hakiendi kwenye figo kikiwa jiwe. Lakini usiyale. Yanaweza kukuletea minyoo na kufunga choo, na hamu hiyo mara nyingi ni ishara ya upungufu wa damu. Mwambie muuguzi wa kliniki akupime. Na kwa kuwa u mjamzito, hakikisha mkojo wako unapimwa. Ugonjwa wa njia ya mkojo kwa mjamzito hupanda upesi mpaka kwenye figo, na unaweza kuleta uchungu kabla ya wakati.

Msikilizaji mwingine anauliza: "Ndimu, magadi au ule unga unaochemka kwenye maji unayeyusha mawe?"

Ndimu haiyeyushi jiwe hili. Magadi usinywe kabisa, kwani jiwe hili hupenda alkali. Unga ule wa dukani hutuliza ukali wakati wa kukojoa, lakini hauui bakteria, na huongeza alkali kwenye mkojo. Ukiunywa kabla ya kupimwa, kijiti kitatudanganya. Maji safi ya kunywa ni mazuri, lakini hayatalitoa jiwe lililokwisha kujengwa.

Binti mmoja anauguza babu yake: "Mpira wa mkojo unaziba kila mara, na ndani kuna chengachenga kama mchanga. Nifanye nini?"

Ahsante kwa kuwa na jicho kali. Mpira unaoziba mara kwa mara kwa chengachenga ni kazi ya Proteus mara nyingi. Usizibue kwa kijiti wala kuvuta. Mkojo usipotoka, mpeleke hospitalini siku hiyohiyo. Waambie kuhusu chengachenga hizo, mpira ubadilishwe, na uulize kama anahitaji kupimwa mawe ya kibofu na figo. Mfuko wa mkojo uwe chini ya kibofu daima, na unawe mikono kabla na baada ya kuugusa.

Wa mwisho anauliza: "Mtoto amekojoa damu. Jirani anasema ni kichocho."

Kichocho cha njia ya mkojo kipo Kenya, hasa pwani, sehemu kama Kwale, Kilifi na Tana River. Kile cha kando ya Ziwa Victoria hushambulia zaidi matumbo na ini. Mtoto ambaye hajatoka nje ya Kisii au Nyamira akikojoa damu, tusikimbilie kichocho. Inaweza kuwa ugonjwa wa njia ya mkojo, jiwe, au ugonjwa mwingine wa figo. Apimwe.

DALILI ZA KUKIMBIA HOSPITALINI

Usingoje kesho ukiona moja ya haya: homa kali pamoja na kutetemeka, maumivu ya ubavu au mgongo pamoja na kutapika, mkojo kupungua sana au kukatika, mtoto mchanga mwenye homa anayekataa kunyonya au aliyelegea, mjamzito mwenye homa na maumivu ya mgongo. Jiwe likiziba njia huku kuna usaha nyuma yake, figo inaweza kuharibika na sumu ikaingia kwenye damu. Hayo ni mambo ya saa, si ya siku.

Kuhusu gharama, kama hujajiandikisha kwa bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba mwaka 2024, jiandikishe na watoto wako kabla ya kuugua.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Mpenzi msikilizaji, chukua kalamu au umwambie mtoto wa shule akuandikie.

Moja: Mtoto mwenye homa apimwe malaria. Kipimo kikiwa safi na sababu nyingine haionekani, omba mkojo upimwe.

Mbili: Ugonjwa wa njia ya mkojo ukirudi, usirudie dawa ileile ya dukani. Omba mkojo uoteshwe kabla ya dawa.

Tatu: Uliza jina la bakteria, na liandikwe kwenye kitabu chako. Ikiwa ni Proteus au mwenzake, uliza habari ya picha ya figo.

Nne: Maliza dawa uliyoandikiwa, na urudi mkojo upimwe tena kama ulivyoelekezwa.

Tano: Jikinge. Jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma, na umfundishe binti yako. Usibane mkojo shambani au sokoni. Kunywa maji yaliyochemshwa. Mtoto anayefunga choo atibiwe, kwani choo kilichojaa huzuia kibofu kumaliza mkojo.

Na harufu? Mkojo unaweza kunuka kwa sababu nyingi, na mara nyingi si kitu. Lakini mama anayefua nguo za mtoto kila siku ndiye wa kwanza kujua kuwa jambo limebadilika. Ukimwona muuguzi, mwambie. Usione haya kusema habari za mkojo. Yule mama aliyeniambia maneno yale hakuwa na mashine wala cheti, bali alitumia pua yake, na kwa pua hiyo figo ya mwanawe ikaokolewa.

Kwa hayo machache ninakuaga. Mwambie jirani ambaye hakusikia. Mimi ni muuguzi wako wa afya ya jamii, nikikutakia wewe na jamii yako afya njema.